Mashine ya Kutafuta na Moyo wa Kutoa



Sisi wawili tunaoandika ukurasa huu mnatujua vema, kwa kuwa ndio mnaotuona kila Jumapili baada ya ibada tukihesabu sadaka katika chumba cha nyuma. Siku nyingine mkate wetu tunaupata katika ofisi ya mawakili mjini. Mmoja wetu hutunza masijala, na mwenziwe huandaa majalada ya kesi kabla hayajapelekwa mahakamani. Kwa ajili ya kazi hiyo tajiri wetu alitutuma London, tukahudhurie mkutano wa mawakili na watengenezaji wa programu za kompyuta, tukatazame programu mpya za kutafuta hati, kisha turudi tumshauri kama yafaa anunue au asinunue. Ushauri huo tumekwisha kumpa, nao ni wake. Lakini tulirudi na swali jingine ambalo halikuwamo katika barua ya kututuma, nalo twaona ni la kila mtu: Je, kutafuta vema ni sawasawa na kusema kweli?

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Katika sheria ya Kiingereza, ambayo nchi zetu zimerithi sehemu yake kubwa, watu wawili wakishtakiana kwa madai, kila upande una wajibu wa kumwonyesha mwenziwe hati zinazohusu shauri lao. Si zile za kumsaidia tu. Ukiacha mashauri ya siri kati ya mtu na wakili wake, hata hati inayomwumiza mwenyewe hana budi kuitoa. Katika mahakama za biashara na mali za Uingereza, kanuni iliyoanza Oktoba 2022 yasema waziwazi kwamba hati unayoijua kuwa ni mbaya kwa upande wako lazima uitaje, hata kama mpinzani wako hakuiomba.

Zamani kazi hii ilikuwa ya kabati na vumbi. Karani alifungua majalada, akasoma, akatenga. Siku hizi watu huandikiana kwa kompyuta na simu, na kampuni moja yaweza kuwa na barua pepe mamilioni. Ndiyo maana mahakama zenyewe zimekubali msaada wa mashine. Huko New York Jaji Andrew Peck aliruhusu jambo hilo mwaka 2012, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaruhusu katika shauri la Pyrrho, lenye hati zaidi ya milioni 3. Utaratibu wake ni huu: Wakili mzoefu husoma sehemu ndogo ya hati, na kila moja huitia alama, inahusu au haihusu. Mashine hujifunza kutokana na alama hizo, kisha huzipanga hati zote zilizobaki, kuanzia ile inayoelekea zaidi kuhusu shauri hadi ile isiyoelekea. Halafu watu huchota chache kutoka chini ya rundo na kuzisoma, ili wapime ni kiasi gani kimeachwa.

Tuliyaona haya kwa macho yetu. Ukumbi ulikuwa mkubwa, wenye meza nyingi, na kila meza ina kijana mwenye kitambulisho shingoni na maneno matamu kinywani. Mmoja alitukalisha mbele ya kioo cha kompyuta, akabonyeza, na rundo la barua ambalo lingalituchukua miezi likapangwa kabla hatujamaliza chai. Mmoja wetu alicheka peke yake, kwa kukumbuka majuma matatu aliyoketi sakafuni akitafuta risiti moja. Hatuoni haya kusema kwamba tulipendezwa. Kazi ikiwa nafuu, hata mtu asiye na fedha nyingi aweza kutumaini kupata haki yake.

Lakini kabla hatujaondoka tulimwuliza yule kijana: "Je, bwana, na kama mwenye hati hakuzitia zote ndani ya mashine?" Akatabasamu kwa adabu, akajibu kwamba mashine husoma inachopewa. Jibu hilo fupi ndilo tulilorudi nalo nyumbani.

Hata pale hati zinapotolewa zote, kuzipata si jambo jepesi. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya kesi moja kubwa iliyotokana na ajali. Kulikuwa na hati kama 40,000, zote zimeingizwa katika kompyuta, na mawakili walitafuta kwa kutaja maneno. Walitaka wapate walau asilimia 75 ya hati zilizohusu, nao waliamini kwamba wamezipata. Ilipopimwa, walikuwa wamepata kama asilimia 20 tu. Sababu moja yafaa kutafakariwa. Wao walitafuta neno "ajali", lakini wahusika katika barua zao waliandika "tukio", au "hali ile", au "tatizo". Hakuna mashine iliyowadanganya. Mtu hulipa jambo jina kwa kadiri ya mahali aliposimama: aliyeumia husema ajali, na anayeogopa kulaumiwa husema tukio.

Mashine za leo zimepunguza upungufu huo, kwa kuwa hazitegemei neno moja. Lakini upungufu wa pili haujapungua hata kidogo. Tuchukue mfano unaotugusa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya London, wakidai kwamba waliteswa katika kambi za wakoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Walikuwa na makovu na kumbukumbu zao. Karatasi zilikuwa kwa serikali ya Uingereza. Ndipo mwaka 2011, kwa sababu ya shauri hilo, ikajulikana kwamba katika jumba la serikali liitwalo Hanslope Park yalikuwapo majalada kama 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963, ambayo wanahistoria hawakuruhusiwa kuyaona kwa miaka karibu 50. Hati nyingine zilikuwa zimekwisha kuchomwa moto. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake Bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Sasa fikirini: ni programu gani ingaliweza kuyapata majalada yale? Yalikuwa yamepangwa rafuni, yana namba. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Yapo."

Twajua kwamba kuna hoja ya upande wa pili, nayo si ya kipumbavu. Mtu atasema: Kesi ni mashindano. Adui yako amekuja kukunyang'anya, nawe umpe mkuki wa kukuchoma? Atafute mwenyewe! Asipoona, hilo ni shauri lake. Tena atasema kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Jibu letu ni kwamba hati inayoeleza jambo lililowapata watu wawili haiwi mali ya mmoja kwa sababu tu imelala katika sanduku lake. Anayeishika ameshika nusu ya maisha ya mwenziwe. Tena tuangalie ni nani mara nyingi mwenye sanduku. Ni serikali, ni kampuni, ni shirika, ni mwenye nguvu. Mnyonge ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu yake hudharauliwa. Huko Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wakuu wa posta ndogondogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu kompyuta iliyoitwa Horizon ilionyesha kwamba fedha zimepungua. Walisema hawakuiba. Waliobishana nao walikuwa na vitabu vyote. Mwezi Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, ikaeleza kwamba Shirika la Posta lilishindwa kutimiza wajibu wake wa kuwapa washtakiwa habari za kasoro za kompyuta hiyo. Wengine walikuwa wamekwisha kufungwa, kufilisika, na wengine kufa. Hapo kunyamaza kulifanya kazi yote ambayo uongo ungalifanya.

Hata hivyo tusijifanye kwamba maovu haya ni ya serikali na mashirika makubwa tu. Tulipoketi katika ule ukumbi wa London tulikumbuka jambo la hapa nyumbani, nalo twaliandika kwa ruhusa ya halmashauri ya mtaa. Wengi wenu mwakumbuka ugomvi wetu wa mpaka na jamaa wa jirani. Wao walisema kwamba kile kipande cha nyuma ya nyumba ya katekista ni cha marehemu baba yao. Sisi tulisema ni cha kanisa, maana tumekitumia tangu zamani. Wazee wakatuagiza sisi wawili tuandae karatasi za mtaa. Katika sanduku la vitabu vya ubatizo tukaona nakala ya barua ya mwaka 1974, ambayo halmashauri ya wakati ule ilimshukuru yule mzee kwa kutuazima kipande hicho mpaka atakapokihitaji.

Tuliisoma mara mbili. Kisha, ndugu zetu, tuliirudisha sandukuni na kufunga. Twakiri hivyo bila kujitetea. Tulipomwambia mzee mmoja wa kanisa, alituuliza, "Wameiomba?" Tukasema hapana. Akasema, "Basi iacheni ilale." Tukaiacha ilale majuma matatu, na kila Jumapili tulihesabu sadaka tukiwa tumelipa mgongo sanduku lile.

Aliyetuamsha ni bibi mmoja wa halmashauri, ambaye hajui habari za sheria wala za kompyuta. Tulipomweleza, hakutukaripia. Alisema tu, "Wanangu, kama barua hiyo ingalikuwa ya kutusaidia sisi, ingalilala?"

Hatukuwa na la kujibu. Jioni ile tulimpelekea kasisi barua, naye akaiita halmashauri, na juma lililofuata nakala ikapelekwa kwa jirani. Mnajua mwisho wake. Kipande kile kilirudi kwa wenyewe, pamoja na mifenesi miwili na lile banda tulilopikia chai ya watoto. Hatukulipwa chochote badala yake. Wako washirika ambao hata leo hawajatusamehe, nao tunaonana nao mlangoni kila juma. Hatusemi kwamba kweli ina faida ya haraka. Kwetu sisi ilikuwa hasara iliyopimwa kwa kamba.

Lakini tazameni jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa. Sanduku letu halina hati milioni 3. Lina karatasi zisizozidi 200. Mtoto wa darasa la saba angaliweza kuiona barua ile kwa mchana mmoja. Kuipata hakukuwa taabu hata kidogo, taabu ilikuwa kuitoa. Nasi twaamini kwamba ndivyo ilivyo hata katika zile kesi kubwa za London na New York. Mashine yaweza kutuondolea kisingizio cha kusema, "Zilikuwa nyingi mno, hatukuona." Hiyo ni faida kubwa, wala tusiidharau. Ikiisha kutuondolea kisingizio hicho, tunabaki wazi, kila mtu na barua yake mkononi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tusidhani kwamba maneno haya ni ya mawakili. Aliye msimamizi wa mirathi ameshika karatasi ambazo yatima hajaziona. Mweka hazina wa chama cha akiba ameshika daftari ambalo mwanachama hajui kulisoma. Mwenye simu yenye ujumbe ambao ungalimwondolea jirani yake lawama ameshika haki ya mtu. Huenda hawajaomba. Huenda hawajui hata kwamba cha kuomba kipo. Kila mmoja wetu na ajiulize swali la yule bibi, kabla hajafunga sanduku: Kama ingalikuwa ya kunisaidia mimi, ingalilala?

Ni sisi,
Makarani wenu wa sadaka