Upweke na Wajibu

Mtu aazimiaye kutoka Buhemba kwa baisikeli, peke yake, akavue samaki katika Mto Mara, huhesabu mengi: pampu, viraka, ndoana, unga. Trauti, walioletwa katika mito ya milima ya Kenya mwaka 1905 kwa starehe ya walowezi, hawamo humo. Yumo kambale, ambaye mvua zijazapo mto huingia mabonde yaliyofurika ili atage mayai. Hapo ndipo ilipo hesabu ngumu: je, asiye na shahidi aweza kumtwaa samaki mwenye tumbo la mayai?

Husemwa kuwa upweke ni uhuru. Ni kweli, lakini upweke huondoa macho ya watu tu, hauondoi haki. Mwenye njaa ana udhuru. Mwenye unga mkobani, aliyefuata starehe, hana. Mbele ya watu mtu huzuiwa na haya; akiwa peke yake huzuiwa na dhamiri. Basi apangaye safari hiyo na apange pia kurudi mikono mitupu, kwani kambale arudishwaye majini leo ni kitoweo cha kesho cha watu wasiomjua aliyemrudisha.