Ufundi wa Mgodini na Haki ya Mwanagenzi

Miongoni mwa masuala ambayo wenye hekima wa kale waliyapa nafasi pana, nasi watu wa zama hizi tunayapita mbio kana kwamba yalikwisha kuhukumiwa, ni hili la kufundishana kazi: mtu anapomfundisha mwenziwe ufundi, je, humpa kitu tu, au pia humtwalia kitu? Jibu jepesi ni kwamba humpa. Maana aliyekuwa hana kazi hupata kazi, aliyekuwa hana ujira hupata ujira, na aliyekuwa akihesabiwa mzigo kwa jamaa zake huwa ndiye tegemeo lao. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili aliieleza Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliposema kwamba ufundi ni malaka, yaani uwezo unaokita katika nafsi kwa kutenda na kurudia kutenda, na kwamba nafsi ikisha kutiwa rangi ya ufundi mmoja ni nadra kuupokea mwingine kwa ukamilifu ule ule. Fundi wa kushona, ndio mfano wake, ni shida baadaye kuwa seremala hodari. Ikiwa hivyo ndivyo, basi kila afundishaye hutwaa mahali katika nafsi ya mwanafunzi ambapo pangeweza kukaa ujuzi mwingine, na hana budi kuulizwa amepatwaa kwa idhini ya nani, na atapaacha katika hali gani.

Mahali ambapo suala hili laonekana wazi, bila ya kufunikwa na mengine, ni kaskazini ya Kanada, katika nchi za Wadene na Wainuit, wenyeji wake wa asili. Huko, kando ya ziwa Lac de Gras, yapata kilomita 300 kaskazini-mashariki ya mji wa Yellowknife, katika nyika isiyoota miti, ulifunguliwa mgodi wa almasi wa Ekati mwaka 1998, ukafuatwa na wa Diavik mwaka 2003, kisha, katika nchi hizo hizo, Snap Lake mwaka 2008 na Gahcho Kué mwaka 2016. Barabara ya kudumu haipo; shehena za mafuta, saruji na vyuma hungoja majira ya baridi, maziwa yagande hata yaweze kubeba malori, ndipo zipitishwe juu ya barafu kwa wiki chache tu kabla jua la masika halijairudisha njia kuwa maji. Wafanyakazi hupelekwa kwa ndege, wakakaa kambini wiki mbili kwa zamu za saa 12, kisha wakarejeshwa makwao kwa wiki mbili nyingine.

Migodi hiyo haikufunguliwa kwa idhini ya serikali peke yake. Wenyeji, waliokwisha kuona machimbo ya dhahabu ya zamani yakija na kuondoka pasipo kuwaachia ila taka, safari hii walidai mikataba ya manufaa, ambamo kampuni hujifunga kwa ahadi ya ajira, zabuni na mafunzo; na katika Nunavut, jimbo la Wainuit lililoundwa tarehe 1 Aprili 1999, mkataba wa ardhi wa mwaka 1993 umeufanya mwafaka wa namna hiyo kuwa sharti la kuanza mradi mkubwa. Ndipo ikazaliwa huko Yellowknife jumuiya iitwayo Mine Training Society, ambamo serikali za wenyeji, kampuni za migodi na serikali za Kanada zilishirikiana kuwafundisha vijana kuendesha mitambo mizito, kuchimba chini ya ardhi, kusimamia mitambo ya kuchenjua mawe, na kazi nyingine za kambini. Kijana huketishwa kwanza chumbani mbele ya kifaa cha kuigiza, chenye usukani na breki za kweli lakini njia za picha, akajifunza kuteremsha mlimani lori ambalo gurudumu lake peke yake lampita mtu kwa urefu. Akikosea, lori la picha hupinduka, naye huanza tena bila ya kuumia. Hapana wa kukibeza chuo cha namna hiyo.

Lakini pana chuo cha pili, kisicho na ukuta wala cheti. Mvulana wa Kiinuit amfuataye mjomba wake juu ya bahari iliyoganda hafundishwi kwa hotuba. Hutembea nyuma, akikanyaga alipokanyaga mkubwa wake. Humwona akisimama, akainua chusa, akaipiga barafu kwa ncha yake, akasikiliza mlio na kutazama rangi, kisha ama akapita, ama akageuka pasipo kusema neno. Barafu changa ya bahari huwa ya kijivu nayo hunyumbuka chini ya mguu, na pale chusa inapopenya kwa pigo moja hapasimamiwi. Hayo mvulana atayarudia miaka mingi, mpaka mkono wake uijue barafu kabla akili haijaitamka, na hata hapo hataitwa mwindaji mpaka wengine wamwone hivyo. Serikali ya Nunavut imeiweka njia hiyo ya kujifunza kwa kutazama, kutenda na kuzoea miongoni mwa misingi ya utawala wake, kwa jina la pilimmaksarniq, na Ibn Khaldun angaliitambua mara moja kuwa ndiyo malaka yenyewe, tena malaka ambayo majira yake ya kupandwa ni ujana, na ujana ndio umri ule ule ambao mgodi unautaka.

Atatokea mwenye kupinga, naye ana hoja. Atasema kwamba mwindaji wa leo haendi mbali bila ya pikipiki ya theluji, petroli na risasi, na kwamba vitu hivyo hununuliwa kwa fedha, na fedha hutoka mgodini. Kwamba wiki mbili za mapumziko humrudisha mtu nyikani akiwa na nyenzo alizokosa baba yake. Na kwamba watu wa kaskazini hawakuwa kamwe watu wa ujuzi mmoja, kwani waliipokea bunduki, wakaipokea injini, wakazitiisha zote mbili kwa matakwa yao. Yote hayo nakubali. Lakini majira hayafuati ratiba ya ndege: samaki, bukini na karibou, wale wanyama wa jamii ya kulungu walioilisha nchi hiyo tangu kale, hupita kwa siku zao, na aliye kambini siku hizo hurudi kusimuliwa. Tena malaka haiwezi kukaa pasipo kitu cha kuitenda. Kundi la karibou liitwalo Bathurst, ambalo njia zake hukatiza nchi ile ile ya almasi, lilikadiriwa kuwa zaidi ya wanyama 400,000 katika miaka ya 1980, na mwaka 2018 likakadiriwa kuwa kiasi cha 8,000. Fungu la migodi katika msiba huo lingali lina mjadala, kwani yatajwa pia mabadiliko ya hali ya hewa, mbwa mwitu na uwindaji. Lakini kijana aliyezuiwa kuwinda ili kundi lipone hawezi kuambiwa kwamba alichagua kwa hiari kati ya vyuo viwili, hali kimoja kimefungwa milango.

Basi mizani yetu iwe ipi? Hapa yafaa tumwendee Imamu Ghazali, ambaye katika kitabu chake Ihya alizihesabu kazi za mikono, kama ukulima, ufumaji na hata ushonaji, kuwa faradhi ya kifaya: mji mzima unadaiwa, na wakitokea wa kutosha kuzifanya, wengine wamesalimika, wasipotokea, wote wana dhima. Uzuri wa kauli hii ni kwamba inauweka ufundi chini ya haja ya mji. Ufundi hauna heshima kwa sababu unalipa; una heshima kwa sababu watu wangedhurika kwa kuukosa. Tukipima kwa mizani hiyo tutaona kwamba kazi za mgodini si za daraja moja. Kuendesha lori la mgodi ni ufundi wenye hatari na wastahiki ujira mwema, lakini hapana kijiji cha Wadene wala cha Wainuit chenye haja na lori hilo, na almasi yenyewe yaenda kukaa katika vidole vya watu wa mbali. Mchomeleaji, fundi umeme, fundi bomba na fundi wa injini ni jambo jingine. Vijiji hivyo vina nyumba ambazo mabomba yake yakiganda usiku wa Januari watu hawana pa kulala, navyo mara nyingi huwangoja mafundi waletwe kwa ndege kutoka kusini. Mgodi unaomfundisha mtu uendeshaji peke yake umejihudumia nafsi yake. Unaomfundisha umeme, akatumikia uanagenzi wake mpaka akapata shahada inayotambulikana Kanada nzima, umelipa sehemu ya faradhi ya kijiji. Tofauti hii haionekani katika hesabu za kila mwaka, ambamo wote wawili huandikwa kuwa ni wenyeji walioajiriwa.

Tarehe ya nchi hiyo yatuonyesha nini hutokea pale suala hili lisipoulizwa. Mwaka 1930 yaligunduliwa kwenye ziwa Great Bear Lake mawe yenye radiamu na urani, na mgodi wa Port Radium ukafunguliwa. Wadene walichukuliwa kuwa wapagazi. Walipakia na kupakua magunia ya madini, wakayabeba migongoni katika njia ya kuyapeleka kusini, hali wataalamu wa dunia walikwisha kujua kwamba radiamu hudhuru, na wao hawakuambiwa. Baadhi yao walikufa baadaye kwa saratani, na watu wa kijiji cha Déline wameihusisha mauti yao na magunia yale. Msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa habari hii ni ya ugenini kabisa, maana urani ya ziwa lile ilikwenda katika mradi ule ule wa Marekani wa kuunda bomu la atomiki, uliopokea, kwa wingi zaidi, urani ya Shinkolobwe huko Katanga, iliyochimbwa na watu ambao lugha ya kambi zao ilikuwa Kiswahili, nao pia hawakuelezwa ni nini walichokishika. Mwaka 1998 ujumbe wa Wadene wa Déline ulisafiri mpaka Hiroshima kuwapa pole walioathiriwa na bomu la mwaka 1945. Katika falsafa ya maadili husemwa kwamba asiyejua hana lawama. Watu hawa, ambao ujuzi ulifichwa kwao na wenye kujua, walijitwika dhima ambayo wenye kujua hawakuona haraka ya kuitwaa. Ndiyo maana nasema kumfundisha mtu kazi pasipo kumfundisha madhara yake si mafunzo nusu; ni ghushi.

Mfano wa pili ni wa Rankin Inlet, kwenye pwani ya magharibi ya Hudson Bay, ambapo mgodi wa nikeli ulifanya kazi tangu 1957 hata 1962. Wainuit walihamia hapo, wakajifunza kuchimba chini ya ardhi, wakasifiwa kwa wepesi wao wa kujifunza. Kisha madini yakaisha katika muda wa miaka mitano tu. Baadhi yao walipelekwa migodi ya mbali, mpaka Lynn Lake huko Manitoba, wengine wakabaki, na mwaka 1963 serikali ikafungua karakana ya ufinyanzi ili kuwatafutia la kufanya. Walikuwa na malaka kamili ya kazi isiyokuwapo tena. Wala si habari ya zamani tu: Snap Lake, uliofunguliwa mwaka 2008, ulisimamishwa ghafla Desemba 2015 kwa sababu za faida na hasara, na Diavik ulipangiwa kumaliza uzalishaji mwaka 2026. Mchimbaji aliyeingia Diavik akiwa na umri wa miaka 20 siku ya kufunguliwa kwake hufika miaka 43 mwaka huo wa 2026, umri ambao Ibn Khaldun asingemtumainia kuanza ufundi mpya, na ambao katika chuo cha barafu ndipo mtu huanza kuwa mwalimu wa wengine.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mwanagenzi ana haki tatu ambazo ujira hauzilipi, kwa kuwa ujira ni bei ya kazi, na mafunzo yanagusa nafsi. Ya kwanza ni haki ya kujua: aambiwe kabla ya kuanza madhara ya kazi na mwisho wa mgodi, kwa lugha yake, kama unavyoambiwa umri wa nyumba unayotaka kuinunua. Ya pili ni haki ya ufundi unaodumu: katika kila mwaka anaoutumikia mgodi, sehemu itengwe kwa ujuzi ambao kijiji chake kitauhitaji hata almasi ikisha. Ya tatu ni haki ya jamaa zake kuamua kipi kifundishwe na lini, hata ikiwa maana yake ni kuzigeuza zamu kwa ajili ya majira ya kuwinda, kwa sababu wao ndio watakaoishi naye baada ya ndege ya mwisho.

Mwenye mgodi atasema kwamba yeye hakuja kuendesha madrasa, amekuja kuchimba, na kwamba masharti haya yataipandisha gharama. Ni kweli yataipandisha. Lakini gharama hiyo haikuzuka kwa kudaiwa. Ilikuwapo Port Radium na ilikuwapo Rankin Inlet, ila iliwaangukia wapagazi, wajane na watoto, nao hawakuwa na kitabu cha hesabu cha kuiandika. Swali la nani alipe lilikwisha kujibiwa na insafu: alipe aliyenufaika. Na mgodi usioweza kuzilipa haki hizi tatu ukabakiwa na faida, yafaa usifunguliwe, mawe yakae ardhini mpaka apatikane wa kuyachimba kwa bei yake halisi.