Kilichotolewa Bure na Sharti Lake

Suala. Mtu akifanya kazi kwa akili yake na mkono wake, kisha akawatolea watu wote waitumie pasi na kulipa, lakini akaweka sharti. Akaja mwingine akaitwaa kazi ile, na sharti akaliacha: je, huyu wa pili amekosa? Na kosa lake ni la kuvunja ahadi tu, au ni la kutumia mali ya mtu pasi na idhini yake?

Jawabu. Suala hili kwa asili yake si jipya, lakini limepata sura mpya katika zama hizi za kompyuta, wala si la mafundi peke yao. Simu iliyo mfukoni mwa mvuvi wa Lamu, au mfanya biashara wa Mombasa, ikiwa ni ya namna iitwayo Android, imesimama juu ya Linux. Nayo ni kazi aliyoianza Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka wa 1991, kisha wakaingia ndani yake maelfu ya watu wa kila nchi. Hata kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, mara nyingi ndani yake mna Linux hiyo hiyo. Basi watu wote wanakula katika sinia hii, ajuaye na asiyejua.

Yataka kwanza ifahamike programu ni kitu gani. Programu huandikwa na mtu kwa maneno na alama ambazo mtu mwenzake aliyesoma elimu hiyo aweza kuzisoma. Maandishi haya huitwa msimbo. Kisha hugeuzwa yakawa tarakimu za kufuatwa na mashine, na tarakimu hizo mtu hazisomi ila kwa mashaka makubwa. Mwenye kuuza programu aghalabu huuza tarakimu na msimbo huuficha. Mnunuzi hupata mkate wala hajui umeumuliwa kwa nini. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani, aliionja taabu hiyo. Mashine ya kuchapa ya ofisini mwao ilikuwa ikikwama karatasi, naye alitaka kuitengeneza programu yake, akanyimwa msimbo. Mwaka wa 1983 alitangaza kazi yake aliyoiita GNU, na mwaka wa 1989 akatoa leseni ya GPL. Leseni hii humruhusu kila mtu kuitumia programu, kuinakili, kuibadili, na hata kuiuza; lakini humshurutisha, atakapowapa wengine, awape na msimbo wake, kwa masharti yale yale aliyoyapokea yeye. Programu za namna hii, pamoja na nyingine zenye masharti mepesi zaidi, ndizo ziitwazo programu huria.

Neno hili "huria" limewapoteza wengi. Wamedhani kwamba kitu huria ni kitu kisicho mwenyewe, mfano wa kuni za mwituni na samaki wa bahari kuu, kwamba aliyetangulia kukitia mkononi ndiye mwenyewe. Sivyo. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamekwisha kulipambanua jambo hili pale walipozungumza khabari za mgeni. Mgeni aliyewekewa chakula ana ruhusa ya kula mpaka ashibe. Lakini hana ruhusa ya kuufunga wali katika kitambaa akaenda kuuuza sokoni, wala kumpa mwingine asiyejua kama mwenyeji ataridhika. Wali ule amepewa bure, hilo halina shaka; lakini alichopewa ni kula, hakupewa kumiliki. Idhini haivuki pale alipoikomesha mwenye mali, na aliyevuka hapo hawezi kusema, "Mimi nilikaribishwa."

Kesi iliyoyadhihirisha haya haikutoka kwa makampuni makubwa yenye mawakili mia. Ilitoka kwa watu wa kuchezea treni. Alikuwako profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, jina lake Robert Jacobsen, mpenzi wa treni ndogo za mfano, zile ambazo watu wazima huzitandikia reli na stesheni majumbani mwao kana kwamba ni za kweli. Yeye na wenziwe walijitolea wakaandika programu ya kuendeshea treni hizo kwa kompyuta, wakaiita JMRI. Waliitoa bure kwa leseni iitwayo Artistic License, na masharti yake hayakuwa mazito: mwenye kuibadili na kuitoa tena aache majina ya waandishi na tangazo la hakimiliki, aseme alikoitoa, na aeleze alichokigeuza. Akatokea Matthew Katzer, mwenye kampuni ya kuuza programu za treni hizo hizo. Baadhi ya mafaili ya JMRI yakaonekana ndani ya bidhaa yake, majina ya wenyewe hayamo, wala yalikotoka hakukutajwa. Na la ajabu zaidi, Katzer huyo ndiye aliyetangulia kumdai Jacobsen fedha, akisema kwamba JMRI imeingilia hataza yake. Yaani ametoza kwa mkono mmoja na kuchota kwa mkono wa pili.

Jacobsen alimshitaki mwaka wa 2006. Mwaka uliofuata hakimu wa California akakataa kumzuia Katzer, akasema kwamba leseni ile imetoa ruhusa pana kwa kila mtu, na maneno yale ya majina na maelezo ni kama ahadi za mkataba. Aliyezivunja na adaiwe kwa kuvunja mkataba. Mtu asiyezoea mambo ya mahkama aweza kuona kwamba hapana tofauti. Tofauti ni kubwa. Mwenye kuvunja ahadi ya mkataba hudaiwa khasara aliyoileta, na khasara hupimwa kwa fedha. Na kazi iliyotolewa bure, khasara yake kwa fedha ni nini? Mwenye kutazama daftari ataandika sifuri. Basi hukumu ile maana yake ilikuwa kwamba kila mwenye kutoa kazi yake bure ametoa na ulinzi wake pia, na masharti yake yamebakia kuwa maombi tu, anayetaka huyatimiza na asiyetaka huyapita.

Tarehe 13 Agosti 2008 mahkama ya rufaa ya huko Marekani ikaitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba maneno yale ni masharti ya idhini yenyewe, na kwa hivyo aliyeyaacha hakuwa na idhini. Na asiye na idhini, akinakili na kugawa, ameingilia hakimiliki. Ikasema tena kwamba kutokuwapo fedha hakumaanishi kutokuwapo faida, kwani mwenye kutoa kazi kwa njia hii hupata jina, na hupata wenziwe wa kuiendeleza na kuirekebisha, na hayo yana thamani. Kesi ilikwisha kwa suluhu mwaka wa 2010, na Katzer akakubali kulipa dola 100,000. Ujerumani walikuwa wamekwisha kutangulia: mwaka wa 2004 mahkama ya Munich ilimkubalia Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux, madai yake juu ya kampuni ya Sitecom iliyouza visanduku vya intaneti pasi na kutimiza sharti la GPL.

Na mtu akisema: haki hizi za maandishi ni mambo ya Wazungu, na mali ni kitu cha kushikika, huambiwa kwamba mwaka wa 1988 wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Kuwait, wakaamua kwamba haki za mtungaji na za mvumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzishambulia.

Na akisema: lakini Jacobsen hakukhasirika kitu, treni zake zilibaki zikizunguka vile vile, huyu na aulizwe khabari ya mwanafunzi aliyenakili sherehe ya sheikh wake, kurasa zote, akafuta jina la sheikh na kuweka lake. Sheikh hakupungukiwa na karatasi wala wino, na sherehe yake ingalipo rafuni. Hata hivyo hapana mtu wa madrasa atakayesema kwamba hakukuwa na dhulma. Amemdhulumu sheikh, na amewadhulumu wasomaji pia, kwa kuwa wamekatiwa njia ya kujua maneno yametoka kwa nani, na kosa likionekana hawajui wamrudie nani. Katika programu jambo hili ni zito kuliko katika vitabu, kwani kosa la kitabu humpoteza msomaji mmoja mmoja, na kosa la programu huweza kuingia katika mashine za benki na hospitali za nchi nzima kwa siku moja.

Mambo ya mahkama ni ya wachache. Penye mtihani wa kila siku ni mezani pa fundi. Huyu ni mtu wa mshahara; nusu ya siku yake ni kuandika, na nusu ni kutengeneza vilivyoharibika: barua hazifiki, hesabu za mishahara zimekwama mwisho wa mwezi, mkuu wake apiga simu saa nne za usiku. Huambiwa kazi iwe tayari Alkhamisi. Akitafuta katika intaneti, huona mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, amekwisha kuiandika sehemu ile na kuiweka wazi. Huichukua, huitia katika kazi yake, na mashine huenda. Ukurasa wa leseni ulikuwa pale pale kando, hakuufungua. Wala kinachomzuia si ugumu wa masharti, kwani leseni nyingi hazitaki ila jina la mtu na mistari michache ibakie mahali pake. Kinachomzuia ni haraka, na ile dhana kwamba kisichouzwa hakina mwenyewe. Kwa rejareja ya dukani hathubutu kufanya hivyo, hata kwa kiberiti.

Na kama fundi amesoma leseni, akaona kwamba ni GPL, na kampuni yake yataka kuuza bidhaa na kuuficha msimbo, akamweleza mkuu wake, naye akasema, "Nyamaza, nani atajua?" Hapa wengi husema kwamba dhima ni ya mkuu, na mtumwa wa mshahara hana neno. Kauli hii ni dhaifu. Mkono ulionakili ni mkono wake, na elimu ya jambo lile ni yake; mkuu hangeweza kulifanya pasi na yeye. Lililo karibu na haki ni aseme waziwazi, tena kwa maandishi, na ajitahidi kutafuta njia nyingine, kwani aghalabu iko: programu nyingine yenye sharti jepesi, au kumwandikia mwenyewe na kuinunua ruhusa. Akilazimishwa baada ya hayo, hali za watu hazilingani. Mwenye kuweza kuacha kazi si kama mwenye watoto na kodi ya nyumba. Lakini asijiambie kwamba hakuhusika.

Tena kuna dhulma isiyovunja sharti hata moja. Kwa miaka mingi mtu mmoja alikuwa akiitunza peke yake, pasi na ujira, programu ndogo iitwayo XZ, ya kubana mafaili, iliyomo katika mashine za Linux duniani kote. Aliandikiwa na watu waliomlaumu kwamba anachelewa. Akatokea mtu aliyejifanya msaidizi, akafanya kazi kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa funguo, kisha akatia ndani yake mlango wa siri wa kuingilia mashine za watu. Mwezi wa Machi mwaka wa 2024 Andres Freund, fundi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika mashine kumechelewa kiasi cha nusu sekunde. Akalifuata jambo hilo mpaka akaufunua mlango ule kabla haujaenea. Makampuni yenye mali isiyohesabika yalikuwa yakiitumia kazi ya yule mtunzaji, na leseni haikuwadai senti. Mahkama haina la kusema hapo. Lakini mtu anayekunywa maji ya kisima kila siku, akamwona mchimbaji amezeeka anakizibua peke yake, akapita na mtungi wake umejaa huku akilalamika kwamba maji yana tope, huyo hukumu yake haitafutwi kwa hakimu.

Wala isidhaniwe kwamba wenye kazi wote ni wema. Huko Ujerumani alikuwako mwandishi mmoja wa Linux aliyegeuza haki yake ikawa mtego: huyatafuta makampuni yaliyokosea katika leseni, huyadai fedha, na yakikosea tena huyarudia kwa madai makubwa zaidi. Mwaka wa 2016 wenziwe wa Netfilter wakamsimamisha katika jamaa yao. Kabla ya hapo, mwaka wa 2015, jumuia mbili za programu huria zilikuwa zimetoa kanuni kwamba makusudio ya kudai ni kutimizwa kwa sharti, na fedha zisitangulizwe, na mahkama iwe ya mwisho. Sharti huwekwa kwa ajili ya kulinda watu, na mwenye kulitumia kwa kuvulia watu amelitoa katika makusudio yake.

Imebakia hali ya aliyekosea pasi na kujua. Kutojua humwondolea dhambi, lakini hakumwondolei dhamana. Na wanazuoni wamesema hivyo katika mali zote, kwamba aliyekula cha mtu akidhani ni chake hulipa ingawa hana dhambi. Malipo ya hapa ni mepesi: aurudishe msimbo kwa wanaostahiki kupewa, na ayarudishe majina mahali pake. GPL ya mwaka wa 1991 ilikuwa kali, mwenye kuvunja sharti ruhusa yake hukatika pale pale. Ile ya mwaka wa 2007 ililegeza, ikampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 tangu kuarifiwa. Akirekebisha ndani ya siku hizo, ruhusa yake humrudia. Na mwaka wa 2017 Red Hat, IBM, Google na Facebook, ambazo ni miongoni mwa wenye sehemu kubwa katika kazi hizi, zikatangaza kwamba muhula kama huo zitautoa hata kwa kazi zao zilizo chini ya ile leseni ya zamani.