Samaki Mwenye Namba

Katika mto Xingu, nchini Brazili, huishi kambare mdogo, urefu wake hauzidi sana sentimita 8, mwenye mistari myeusi na myeupe kama ya punda milia. Kinywa chake kipo chini ya kichwa, nacho hugandamana na mwamba hata maji ya kasi yasimchukue. Wafugaji wa Ulaya walimjua kwa namba, L46, kabla wataalamu hawajampa jina la Hypancistrus zebra mwaka 1991.

Serikali ya Brazili imepiga marufuku kumpeleka nje samaki huyu akivuliwa mtoni. Hata hivyo, katika mto huohuo limejengwa bwawa la umeme la Belo Monte, lililoanza kazi mwaka 2016, nalo huyageuza maji mengi yasipite penye pindo kubwa la mto, nyumbani kwake hasa. Basi wenye matangi ya vioo husema: sisi ndio tunaomwokoa.

Je, kumfungia kiumbe sebuleni ni kumwokoa? Sisi Watanzania hatuwezi kulicheka jambo hili. Vyura wa Kihansi waliishi kwa manyunyu ya maporomoko, hadi bwawa la umeme lilipoyapunguza maji. Mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wametoweka. Mwaka 2012 wazao wa wale wa vioo wakaanza kurudishwa. Kwa hiyo kioo si lazima kiwe gereza. Lakini wale vyura walitunzwa kwa nia ya kurudi kwao, tena kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Mfugaji wa zebra naye hufanya kazi kweli: maji ya nyuzi 28 hadi 30, yenye mwendo na hewa tele, na vijipango ambamo dume huyalinda mayai machache, mara nyingi 10 au 15 tu. Sina ubishi na bidii hiyo. (Wapo wanaowatunza watoto wao kwa uangalifu mdogo kuliko huo.) Shida ni kwamba wapo ndugu zake, kama L173, ambao mistari yao humchanganya mnunuzi, na wakiwekwa tangi moja huweza kuzaana. Machotara hao huuzwa sokoni kwa jina la zebra, maana zebra ana bei. Siku mto ukipata tena maji yake, tutaurudishia nani?

Kabla sijamsifu mfugaji kwa wema wake, ningemwomba anionyeshe daftari: wazazi wa samaki hawa ni akina nani, na walitoka wapi?