Mungu Aonaye

Somo: Mwanzo 16:7-13



Ndugu mmoja Mkristo hulinda usiku katika jumba la gorofa nyingi mjini Dar es Salaam. Hazunguki na rungu na taa kama walinzi wa zamani. Huketi chumbani mbele ya vioo vingi, na katika kila kioo kuna picha iletwayo na kamera: hapa lango, hapa ngazi, hapa uwanja wa magari. Mtu mmoja, naye aona pande zote za jumba.

Siku moja alinijia mwenye huzuni, akasema, "Mchungaji, usiku nne nilimwona mama na mtoto wake wamelala kando ya lango. Nilitazama kama ni wezi. Nikaona sivyo, nikaandika kitabuni: Hakuna jambo. Usiku wa tano hawakuwapo, wala sijui walikokwenda. Sasa neno lile nililoliandika lanisumbua."

Ndugu zangu, neno hili si la mlinzi huyu peke yake. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitoa habari za jaribio lao. Waliwaonyesha watu picha za wachezaji wa mpira, wakawaagiza wahesabu ni mara ngapi wenye nguo nyeupe wapeana mpira. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona! Macho yao yalikuwa wazi, lakini mioyo yao ilikuwa katika hesabu.

Ndivyo tulivyo. Jicho huona lile lililotumwa kulitafuta. Atafutaye wezi huona wezi, na asipowaona husema hakuna jambo. Je, wewe uketipo kanisani, watafuta nini? Nani amechelewa, nani hakutoa sadaka? Na yule aliyeingia na moyo uliopondeka, umemwona?

Hajiri alikimbia jangwani, mjakazi mwenye mimba, aliyeteswa na bibi yake. Malaika wa Bwana akamkuta penye chemchemi, akamwuliza atoka wapi, tena aenda wapi. Kamera haiulizi swali hilo. Ndipo Hajiri akamjua Mungu kuwa ndiye amwonaye.

Wengi huliogopa jicho la Mungu kama mwizi aiogopavyo kamera. Ni kweli, dhambi zetu zote aziona, wala hakuna pembe ya giza mbele zake. Lakini yeye hakuketi mbali akitutazama na kuandika makosa yetu. Katika Yesu Kristo alishuka, akaja mpaka langoni petu tulipolala, akatuinua. Huko ndiko kuona kwa Mungu: aona, na kwa kuwa aona, aja.

Ndugu yule aliniuliza afanye nini. Nikamwambia: Tubu, upokee msamaha, urudi kazini kwako, kwa maana ni kazi njema. Lakini umwonapo mtu kiooni, kabla hujaandika, uulize swali la malaika. Kama huwezi kuondoka, mtume mwenzako.

Nasi sote tuombe: Bwana, wewe uliyetuona tulipokuwa hatuonekani na mtu, tufumbue macho, tusiandike kwamba hakuna jambo mahali ndugu yetu alipolala na njaa. Amin.