Kibla, saa ya futari na nyota: Nani ajue tulipo?

Ndugu Waislamu, hapa Sumbawanga nimeulizwa mara nyingi: simu zipo, nyota za nini? Nasema swali hilo si la chombo, ni la wajibu.

Tutazame hesabu. Mji wetu uko nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa karibu nyuzi 8 pia, na dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Kwa hiyo jua hutua Dar takriban nusu saa kabla ya huku Ufipa. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Dar amekula mchana! Hapa hakuna ikhtilafu ya madhehebu.

Na kibla je? Makka iko kaskazini yetu, ikiegemea mashariki kwa nyuzi 15 tu. Nyota ya Kaskazini haionekani huku. Lakini usiku wa Mei na Juni, mawingu yakiisha, Msalaba wa Kusini huwa wazi juu ya uwanda. Refusha mstari wake mrefu mara nne na nusu, utafika ncha ya kusini ya mbingu. Ncha hiyo iko nyuzi 8 juu ya upeo, sawa na umbali wetu kutoka Ikweta. Ipe mgongo, geuka kidogo kulia, umeelekea Makka. Jua nalo ni nyota: karibu tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, huwa juu ya Kaaba. Anayelielekea ameelekea kibla.

Wapo wasemao Mwenyezi Mungu huangalia nia. Ni kweli. Lakini nia ni udhuru wa aliyejitahidi akakosea, si wa aliyekaa tu. Al-Biruni, mnamo mwaka 1025 huko Ghazna, alimaliza kitabu kizima cha kupima mahali ilipo miji, kibla kikiwa miongoni mwa makusudio yake. Hakutosheka na nia.

Simu si haramu. Ila dira yake hupotoshwa na chuma na sumaku, na asiyejua lolote hatambui inapomdanganya. Elimu hii ni fardhi kifaya: si lazima kila mtu aijue, lakini akikosekana hata mmoja, dhambi ni ya wote. Basi kila msikiti ujiulize: kwetu ni nani anayejua?