NANI ANABADILISHA BEGA?



Jeneza likitoka msikitini, hakuna anayelibeba peke yake. Kila hatua chache mtu anasogea, bega linabadilishwa, mpaka kaburini. Na safari yenyewe ni fupi. Sasa nakuuliza: mama mwenye kansa ya shingo ya kizazi, aliyelala nyumbani miezi minane, nani anabadilisha bega kwake? Mara nyingi ni binti mmoja tu. Anamwogesha, anafua vitambaa vyenye damu, anapika uji usioliwa, anakesha maumivu yakizidi. Ndugu zake wanasema, "Dada yupo." Hata hospitalini ni vile vile: munganga anatoa dawa, lakini chakula, maji na kumgeuza mgonjwa ni kazi ya jamaa.

Wengine wanajitetea kwamba kuuguza ni fardhi kifaya, akifanya mmoja wengine wamesalimika. Hao hawakusoma mpaka mwisho. Wengine wanasalimika pale kazi inapotoshelezwa. Mtu asiyelala wiki nzima hatoshi, basi deni bado liko shingoni mwa wote. Feza unazotuma ni njema, zinanunua sabuni na makala. Hazinunui usingizi wa dada yako.

Na wanaomsema kijana kwa kukosa Ijumaa akiwa na baba mgonjwa asiye na mwingine wa kumwangalia, wanyamaze. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamehesabu jambo hilo kuwa ni udhuru. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) hakwenda Badr, mwaka wa 2 Hijria. Alibaki Madina kwa amri ya Mtume (s.a.w.) amuuguze mkewe Ruqayya, binti ya Mtume. Ruqayya akafariki. Hata hivyo Uthman akapewa fungu lake la ngawira sawa na waliopigana. Mgonjwa hakupona, na fungu halikupunguzwa! Mwenye kuuguza kansa anahitaji kulisikia hilo, maana ugonjwa huu kwetu mara nyingi unajulikana umechelewa, naye anabaki kujilaumu.

Kuchoka kwake pia si upungufu wa imani. Ukimkuta analia jikoni, usimhubirie subira; pokea ndoo.

Enyi wanaume, kumwogesha mama kuna haya yake, hiyo tuwaachie wanawake. Lakini kuteka maji, kufua mashuka, kulala karibu na mlango wa mgonjwa ili dada apumzike, kuna haya gani hapo? Leo baada ya swala kaeni na ndugu zenu, mgawane usiku wa juma lijalo, na majina yaandikwe.